Shehena Isiyojaribiwa



Leo naomba tuanze na yai. Yai la kuku wa kienyeji, yule anayefunguliwa alfajiri akashinda akichakura vumbini mpaka jua linapozama. Kwetu yai hilo ndilo lenye sifa. Mgonjwa akirudi kutoka hospitali hutafutiwa hilo, na mtoto anayeanza kula huchemshiwa hilo. Sasa sikia. Mwaka 2019, mashirika mawili yanayofuatilia sumu za viwandani, IPEN na Basel Action Network, yalitoa matokeo ya uchunguzi wa mayai ya kuku wa namna hiyo hiyo, yaliyookotwa mahali panapoitwa Agbogbloshie, jijini Accra, Ghana. Maabara ilionyesha kwamba mtu mzima akila yai moja tu la kuku wa pale, anameza sumu ya dioksini mara 220 ya kiwango ambacho mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inaona mwili unaweza kukivumilia kwa siku.

Yai moja. Na kuku yule hakutegewa sumu na mtu. Alichakura majivu tu, kama kuku wote wanavyochakura.

Majivu hayo yanatokana na nyaya. Waya wa umeme una shaba ndani na plastiki nje. Shaba ina mnunuzi, plastiki haina, na njia ya haraka ya kuvitenganisha ni moto. Plastiki hiyo ina klorini. Inapoungua katika moto wa wazi, moto usio mkali na usiodhibitiwa, klorini hukutana na kaboni, shaba ikachochea, na hapo ndipo dioksini inapozaliwa. Huwezi kuiona. Haiyeyuki katika maji, kwa hiyo kuosha hakusaidii. Inakaa kwenye mafuta, yawe mafuta ya kuku, ya samaki, au ya maziwa ya mama anayenyonyesha. Shirika la Afya Duniani linasema ikishaingia mwilini, huchukua miaka 7 hadi 11 kwa nusu yake tu kutoka.

Wanaochoma nyaya hizo ni vijana. Wengi wao ni Wadagomba na watu wengine wa kaskazini mwa Ghana, upande wa Tamale na Yendi, ambako mvua hunyesha msimu mmoja kwa mwaka, na mavuno yakikosekana hakuna msimu wa pili wa kujaribu tena. Wengine wazazi wao walikimbilia Accra baada ya vita vya kikabila vya mwaka 1994. Walijenga vibanda Old Fadama, kando ya mto Odaw unaomwaga maji yake kwenye wangwa wa Korle, na ng'ambo ya mto wakafungua yadi ya vyuma chakavu. Moto wao waliuwasha kwa matairi, na kwa lile povu linalojazwa kwenye kuta za friji ili baridi isitoke. Povu la friji za zamani lina gesi zinazokula tabaka la ozoni. Kwa hiyo kilichokuwa kikiungua pale hakikuwa waya peke yake. Kila kilichotumika kuwashia moto kilikuwa na sumu yake.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu picha za Agbogbloshie zimezunguka dunia nzima na zimesema nusu ya habari. Picha zinaonyesha moshi mweusi na kijana mwenye macho mekundu. Hazionyeshi mafundi waliokaa karibu na moto ule, wenye ujuzi wa kufungua kompyuta iliyokufa, wakatoa kipuri kimoja kizima na kukiingiza kwenye nyingine ikaamka. Hazionyeshi wapima shaba na mizani zao, wahunzi waliokuwa wakiyeyusha aluminiamu na kutengeneza masufuria, wala soko kubwa la vitunguu lililokuwa jirani. Pale palikuwa mahali pa kazi. Wachomaji walikuwa wachache kati ya maelfu, nao walikuwa ngazi ya chini kabisa, waliofika juzi, wasio na mtaji wala ujuzi. Mtu akiita mahali hapo jalala la dunia, ameshawafuta wote hao kwa neno moja, na ukishawafuta watu ni rahisi kuleta tingatinga. Nitalifikia tingatinga.

Na kuna ukweli mwingine usiopendeza kuutaja. Sehemu kubwa ya vitu vilivyovunjwa Agbogbloshie haikushushwa pale moja kwa moja kutoka melini. Ilitoka majumbani na maofisini Accra penyewe. Uchunguzi uliofanywa chini ya sekretarieti ya Mkataba wa Basel, unaodhibiti usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi na nchi, ulikadiria kwamba mwaka 2009 Ghana iliingiza tani 215,000 za vifaa vya umeme na elektroniki. Asilimia 70 ya vifaa hivyo vilikuwa mitumba. Na katika mitumba hiyo, takriban asilimia 15 vilikuwa vimekufa kiasi cha kutotengenezeka, vikaelekea jalalani bila kuwaka hata siku moja katika nchi hiyo. Vilivyobaki vilinunuliwa, vikatumika mwaka mmoja, miwili, mitatu, kisha navyo vikafuata njia ile ile. Kilichouzwa kwetu kilikuwa mwisho wa maisha ya kifaa. Miaka yake mizuri ilikwisha kuliwa kwingine, na mazishi yake tukaachiwa sisi.

Simlaumu mnunuzi wa mtumba, na simlaumu muuzaji. Televisheni mpya ni mshahara wa miezi kwa watu wengi wanaonisikiliza sasa hivi. Wanafunzi wangapi wamejifunza kompyuta kwenye mashine iliyotupwa na ofisi fulani ya Ulaya? Wengi mno. Lawama yangu iko mahali pamoja, na nitaieleza kwa utaratibu: iko pale kontena linapopakiwa.

Kontena linapopakiwa kuna karatasi inaandikwa. Karatasi inasema: bidhaa zilizotumika. Ikiandikwa hivyo, shehena inapita. Ikiandikwa taka, shehena inaingia kwenye sheria za taka hatari, na mwenye kuisafirisha inambidi aombe kibali, alipe, aeleze. Tofauti kati ya karatasi hizo mbili ni jambo ambalo mtoto wa darasa la tatu anaweza kulithibitisha: chomeka kifaa kwenye umeme uone kama kinawaka. Lakini kuchomeka kifaa kimoja kimoja kunachukua muda, na muda ni fedha, na kile kisichowaka kinamgharimu mwenye nacho akikipeleka kwenye kiwanda halali cha kwao. Akikitia kwenye kontena, anaokoa gharama ile, na bandarini Tema nchini Ghana au Lagos kuna mtu atakayelipia kilo zake akiamini ananunua televisheni.

Nigeria imetuonyesha jinsi jambo hili linavyofanyika. Mwaka 2015 na 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa na kituo cha Mkataba wa Basel cha Afrika kilichoko Ibadan waliweka watu kwenye bandari za Lagos wakihesabu. Walikadiria tani zipatazo 60,000 za vifaa vilivyotumika kwa mwaka, sehemu kubwa kutoka bandari za Ulaya. Karibu asilimia 70 ya vifaa hivyo havikuja kwenye makontena yake. Vilisindiliwa ndani ya magari ya mtumba: televisheni kwenye buti, friji ndani ya basi, kompyuta chini ya viti. Ofisa wa forodha anaona gari. Ukijua jinsi magari ya mtumba yanavyoshushwa Dar es Salaam na Mombasa kila wiki, swali linakuja lenyewe.

Nasi tumo. Basel Action Network walifanya jambo jingine la werevu: waliweka vifaa vya kufuatilia kwa setilaiti ndani ya skrini, kompyuta na printa mbovu 314, wakaviacha kwenye vituo vya kukusanyia taka katika nchi 10 za Ulaya, kisha wakatazama ramani. Vingi vilibaki kwao. Kadhaa vilivuka bahari kinyume cha sheria, na kati ya nchi vilikoishia, pamoja na Ghana, Nigeria na Pakistan, ilikuwepo Tanzania. Yaani mtu wa Ulaya anaweza kufanya wajibu wake, akabeba printa yake mbovu mpaka kituo halali, akarudi nyumbani na dhamiri safi. Printa yake ikapanda meli.

Sheria hazikosekani. Mwaka 1988 mapipa ya taka za sumu kutoka Italia yaligunduliwa katika mji mdogo wa Koko nchini Nigeria, yamerundikwa kwenye kiwanja cha mtu. Hasira ya Afrika ikawa kubwa. Mkataba wa Basel ulipitishwa mwaka 1989, lakini ulidhibiti biashara ile bila kuipiga marufuku, na nchi za Afrika zikaona hautoshi. Zikaandika wa kwao, Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, unaokataza kabisa kuingiza taka hatari barani. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Marekani ilitia saini Mkataba wa Basel mwaka 1990 na mpaka leo haijauridhia. Mikataba yote miwili inazungumzia taka, na mwenye shehena anaapa kwamba yake si taka.

Sasa tuje nyumbani. Unaikumbuka TV ya chogo? Ile yenye mgongo mkubwa, iliyohitaji watu wawili kuibeba. Desemba 2012 Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, na baadaye bei ya TV bapa iliposhuka, machogo yalianza kutoka sebuleni. Kioo cha TV ya aina hiyo kina risasi iliyochanganywa humo makusudi ili kumkinga mtazamaji na mionzi. TV moja inaweza kubeba zaidi ya kilo moja ya risasi. Kijana wa vyuma chakavu anapoipata, anachotaka ni koili ya shaba iliyozungushwa kwenye shingo ya kioo. Anapiga nyundo, anachukua koili, anaondoka. Kioo kinabaki kwenye mtaro, na mvua ya masika inakuja.

Risasi ndiyo ninayoiogopa kuliko yote, kwa sababu inaenda kwa watoto. Mtoto mdogo anatambaa, anatia mkono kinywani, na mwili wake unafyonza risasi aliyoimeza mara nne au tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Inajificha kwenye mifupa na meno ikijifanya kalsiamu. Mama mjamzito humpa mtoto aliye tumboni ile aliyoihifadhi mwenyewe tangu utotoni. Inaharibu ubongo unaojengeka, na uharibifu huo haurudi nyuma. Mtoto hatoki damu, hapati homa. Anachelewa kusema tu, anasahau, anagombana, shuleni anaitwa mzito. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Katika mji wa Guiyu, China, uliopokea vifaa vibovu vya dunia kwa miaka mingi kabla China haijafunga milango yake, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwapima watoto wadogo. Zaidi ya watoto wanane katika kila kumi walikuwa na risasi iliyovuka kipimo kilichohesabiwa cha hatari wakati huo.

Wa Pwani hawahitaji kwenda China kuyajua haya. Wanaijua Owino Uhuru, kitongoji cha Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliendeshwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Zile zilikuwa betri za magari, si kompyuta, lakini risasi ni ile ile. Moshi uliingia madirishani, maji ya kiwanda yalipita vichochoroni, watoto wakaugua, wanawake wakapoteza mimba. Bi Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mwanawe mchanga alipougua bila kupona, vipimo vilikuta risasi kwenye damu ya mtoto. Akaacha kazi, akaanza kupiga hodi kila ofisi. Alikamatwa, alitishwa, hakunyamaza. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe umri wa mtoto aliyekuwa ananyonya kiwanda kilipokuwa kikifuka moshi. Sasa ni kijana, na risasi iliyoingia kwenye mifupa yake haikusubiri rufaa.

Sasa nimelifikia tingatinga nililoahidi. Tarehe 1 Julai 2021, serikali ya mkoa wa Accra iliingia Agbogbloshie na mitambo na askari, ikasafisha yadi ile ya vyuma. Soko la vitunguu nalo lilihamishiwa Adjen Kotoku, nje ya jiji. Wapo walioshangilia: aibu ya Ghana imeondoka kwenye picha. Lakini waya haukuacha kuwa na shaba ndani kwa sababu yadi imevunjwa. Wachomaji walivuka mto wakaingia Old Fadama, katikati ya vibanda wanamolala wake na watoto wao, na wengine wakatawanyika pembezoni mwa jiji. Moshi uliokuwa mahali pamoja panapojulikana ukasogea karibu zaidi na vitanda vya watoto. Mimi hilo naliona kosa kubwa, na naogopa kwamba siku moja mtu wa hapa kwetu atalitazama akadhani ni mfano wa kuiga.

Kilichokuwa kinaanza kufanya kazi Agbogbloshie kabla ya mitambo kilikuwa na akili zaidi. Kwanza zililetwa mashine za kumenya nyaya. Zilimenya nyaya nene vizuri, lakini zile nyembamba kama uzi, za chaja na vipokea sauti, zikashinda mashine na kurudi motoni. Kisha mradi uliofadhiliwa na Ujerumani ukabadilisha swali: ukanunua waya ukiwa na plastiki yake, kwa bei iliyomfanya kijana aone hana sababu ya kuuchoma. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa. Hakuna anayependa kuvuta moshi. Anayeuvuta anafanya hivyo kwa sababu shaba tupu, iliyokwisha chomwa, ndiyo yenye mnunuzi leo hii jioni.

Lakini bei hiyo ya ziada nani ailipe daima? Wafadhili huchoka. Ghana ilitunga sheria mwaka 2016 inayomtoza mwenye kuleta kifaa ada ya kukitunza kitakapokufa. Tanzania ina kanuni zake za taka za elektroniki za mwaka 2021. Nairobi ina kituo cha kuvunja vifaa kwa usalama tangu 2012, na Bugesera, Rwanda, kuna kiwanda kizuri. Hayo ni mema, nayo ni madogo sana mbele ya wingi uliopo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi. Katika Afrika, chini ya asilimia moja ya zile tunazozalisha wenyewe hupita kwenye mikono rasmi. Na mtu mmoja wa Ulaya alizalisha kilo 17.6, wa Afrika kilo 2.5. Mwaka huo huo, tani zipatazo milioni 3.3 zilitoka nchi tajiri kwenda nchi zenye kipato cha chini na cha kati bila kuandikwa popote. Kilo zetu mbili na nusu tungeweza kuhangaika nazo. Tunahangaika nazo pamoja na za wengine.

Tangu tarehe 1 Januari 2025, sheria ya dunia imebadilika. Kwa pendekezo la Ghana na Uswisi, Mkataba wa Basel sasa unataka idhini ya maandishi ya nchi inayopokea kabla ya taka yoyote ya elektroniki kusafirishwa, iwe inahesabika hatari au la. Naipongeza Ghana kwa moyo wote. Ila angalia mlango uliobaki: kifaa kinachodaiwa kuwa kizima bado si taka, na miongozo ya Basel bado inaruhusu kwa masharti kifaa kinachodaiwa kuwa kinakwenda kutengenezwa. Karatasi ile ile niliyoieleza inaweza kuandikwa tena kesho.

Kwa hiyo ninachoomba ni kitu cha kawaida mno. Kila kontena la vifaa vilivyotumika linaloshushwa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa lije na orodha: kifaa hiki, nambari hii, kilichomekwa kwenye umeme tarehe fulani, kikawaka, na jina la aliyekichomeka. Na gari la mtumba lifunguliwe buti. Pale bandarini pawe na soketi na mtu wa kuchagua vifaa kumi bila kuangalia, akavijaribu mbele ya wakala. Vikikataa kuwaka na orodha haipo, hatuhitaji kutunga sheria mpya. Kifungu cha 9 cha Mkataba wa Basel, ulioanza kutumika mwaka 1992, kinasema shehena iliyosafirishwa kinyume cha sheria kwa kosa la aliyeituma, nchi ilikotoka inawajibika kuhakikisha inarudishwa ndani ya siku 30, na gharama si zetu.